Kabla Mjomba Tsuma Hajamwinua

Kibokoni, Mombasa
13 Agosti 1995

Shangazi,

Baba aliuvuta mguu. Sijamwambia mtu yeyote, si Mama, si mchungaji. Nakwambia wewe kwa kuwa uko mbali na sitauona uso wako ukisoma.

Sasa naanza tena kwa adabu. Shikamoo, Shangazi Mbeyu. Natumai hujambo huko Birmingham na masomo yako yanaendelea vyema. Sisi hatujambo, ila Baba, kama unavyojua. Mama bado anafagia afisi zile za Moi Avenue na akirudi anasimama kwanza mlangoni, anavuta pumzi, ndipo anaingia kwa Baba na uso wa kucheka. Mjomba Tsuma amehamia kwetu tangu Baba atoke hospitali, analala ukumbini. Mimi niko likizo.

Uliniuliza siku ile ilikuwaje, kwa sababu nilikuwepo, na kwa sababu ya utafiti wako wa watu walioumia, jinsi wanavyofikishwa hospitali mahali pasipo na gari la wagonjwa. Nilikujibu "alianguka akabebwa". Ni kweli, lakini si yote.

Nilikuwa nimempelekea chakula ghalani. Mahamali walikuwa wakipanga magunia ya mbata, zile nazi zilizokaushwa, na Baba alikuwa juu kabisa karibu na dari. Gunia alilokanyaga likateleza, akashuka nalo. Aliangukia mgongo. Nilikuwa mlangoni na bakuli mkononi. Kikoi kilikuwa kimempanda hadi mapajani, na aliponiona akaukunja mguu wa kulia, akauvuta karibu na mwenzake, akashusha kikoi kwa mkono ili ajisitiri mbele ya mwanawe. Akasema, "Mama, toka nje." Wajua huniita mama kwa kuwa nina jina la mama yenu.

Ndipo Mjomba Tsuma akaja mbio. Mahamali hawamwachi mwenzao sakafuni. Wanasema aliyelala chini ghalani ni kama mzigo uliotupwa. Na vichochoro vyetu gari haliingii. Mjomba akachuchumaa, wenzake wakamshika Baba makwapani wakamkalisha, wakamweka mgongoni kwa Mjomba vile vile wanavyoweka gunia, naye akakimbia hadi Ndia Kuu penye teksi. Nilifuata nyuma nimebeba ndara zake. Miguu yake ilikuwa ikining'inia kama mikono ya shati lililoanikwa. Walipomwingiza kwenye gari aliniuliza, "Miguu yangu wameiweka wapi?"

Watu wote wanasema anguko ndilo lililomvunja. Wanamsifu Mjomba kwa mbio zake. Mimi nikisikia nainamisha kichwa, na kwa kuwa siku zote nainamisha kichwa, hakuna anayeniuliza kwa nini.

Shuleni tunaandika karibu kila kitu kwa Kiingereza. Nilijaribu kukuandikia haya kwa Kiingereza, yakatoka upesi mno, kama habari ya mtu nisiyemjua. Nikachana.

Niambie kama nimeona vibaya.

Mwanao,
Nyevu


Birmingham
17 Septemba 1995

Nyevu, mama wangu,

Marahaba. Mimi ni mzima. Mvua ya hapa haina haraka, inanyesha kama mtu anayesimulia jambo refu. Msalimie mama yako, na mwambie kitambaa alichonipa nakifunga shingoni kila siku, wenzangu wanafikiri ni mtindo.

Barua yako imekaa mezani kwangu muda mrefu kuliko inavyostahili. Usifikiri nilikasirika.

Kwanza la kaka yangu. Mgeuzeni mara kwa mara, mchana na usiku, asilalie upande mmoja. Kila mkimgeuza, angalieni visigino, nyonga, na pale juu ya makalio. Ngozi ikibaki nyekundu, upande huo upumzike. Anywe maji hata akikataa. Mkojo ukiwa na harufu kali, au akitetemeka kwa baridi, msisubiri. Haya ni mambo madogo, lakini ndiyo makubwa.

La mguu. Hukuona vibaya. Mtu anaweza kuvunjika mfupa wa mgongo na uti uliomo ndani, ulio laini kama ubongo, ukabaki mzima. Akikunjwa, mfupa unaweza kuhama ukauponda. Hilo ndilo ninalolisoma hapa kila siku. Lakini pia uti huweza kuvimba wenyewe baadaye, hata mtu asipoguswa. Siwezi kuapa. Hakuna anayeweza. Ukibaki peke yako na jambo hili, baki na yote mawili.

Tsuma usimwambie. Sikuambii useme uongo. Nakuambia usiseme.

Nina maombi mawili. Niruhusu niyaweke uliyoniandikia katika utafiti, bila jina la mtu wala la ghala. Na kama utaweza, waulize mahamali: mtu akianguka, nani humbeba, humbeba vipi, na huulizwa nini kabla ya kuinuliwa. Nilipokuwa hapo mwaka jana niliwauliza waliofika hospitali. Waliowaleta walikuwa wameshaenda zao. Najua kuuliza watu maswali si tabia yako. Ukishindwa, sitakulaumu.

Shangazi yako,
Mbeyu


Kibokoni
22 Oktoba 1995

Shangazi mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima. Mama amepona mafua. Paka wa jirani amezalia ndani ya kapu letu la mkaa na Mama amekataa kumfukuza, kwa hiyo tunapika kwa mkaa wa kuazima.

Nilikwenda Jumamosi. Walikuwa wamekaa nje ya ghala wakinywa kahawa, nami nikasimama pembeni mpaka Mutunga, yule msimamizi wao kutoka Ukambani, akaniona.

"Wee mwana wa Ngowa, waandika nini? Wataka kutushtaki?"

"Si kushtaki. Ni ya shangazi. Ya utafiti."

"Sema kwa sauti, mama. Haya masikio yamejaa vumbi la mbata."

Wakacheka, lakini si kwa ubaya. Nikauliza ya kwanza, nani hubeba. Wote wakamwonyesha Mjomba. "Muulize Ambulensi. Hapa Mji wa Kale mgongo wenye leseni ni huo mmoja." Siku hizi ndilo jina lake, Ambulensi. Nikauliza ya mwisho, mtu akianguka mnamwuliza nini kabla ya kumwinua.

"Tunamwuliza kama amekula," akasema Mutunga, "tujue uzito." Wakacheka tena.

Mjomba hakucheka. Alisema, "Hatumwulizi. Ukimwuliza unampa nafasi ya kuogopa. Shemeji nilimnyakua kabla hajajua kilichompata." Alisema kwa upole, akinitazama mimi, kama mtu anayekupa zawadi. Nyuma yake, ubao ule mrefu wanaopandia lori ulikuwa umeegemezwa ukutani. Ulikuwa umeegemezwa hapo hapo siku ile. Sikuandika tena.

Ruhusa uliyoomba nimekupa.

Nataka ujue jinsi anavyomtunza. Humwogesha Baba kabla ya kwenda kazini. Humgeuza, na kila akimgeuza humwuliza, "Shemeji, leo waelekea Likoni au Makupa?" kwa sababu upande mmoja wa chumba chetu unaelekea kwenye feri ya kuvukia Likoni na wa pili kwenye daraja la Makupa. Baba humjibu, "Makupa. Likoni nimechoka kuvuka." Kila siku ni maneno hayo hayo, na kila siku wanacheka. Kisha Mjomba hutoka, huenda ukumbini akajifuta uso kwa shati.

Pale juu ya makalio pametoka kidonda. Kilikuwa kama kifungo cha shati, sasa ni kama kifuniko cha chupa. Mama anakinyunyizia unga wa vidonge vya rangi mbili, jirani alimwambia.

Shangazi, atatembea? Nijibu hilo tu, hata kama hutajibu mengine.

Nyevu


Birmingham
3 Desemba 1995

Nyevu, mama wangu,

Natumai mtihani ulikwenda vizuri na kwamba paka amehama. Hapa giza linaingia mchana, mtu hajui kama amechelewa kulala au amewahi kuamka. Nimepata rafiki, Loise, muuguzi kutoka Nakuru. Jumapili tunapika ugali kwa unga wa huku, usio wa ugali, na tunaumaliza wote.

Majibu uliyoniletea ni ya thamani kuliko unavyodhani. Mwalimu wangu hapa anataka niandike mwishoni kwamba mji unahitaji magari ya wagonjwa. Ni kweli, nami nitaandika. Lakini kati ya majeruhi wote niliowahoji, karibu hakuna aliyefika kwa gari la wagonjwa. Wamefika kwa migongo, kwa mikokoteni, kwa teksi iliyosimamishwa barabarani. Hawa ndio huduma tuliyo nayo. Wana mbio, wana nguvu, wana huruma. Hakuna aliyewahi kuwaonyesha ubao wenyewe unavyoweza kutumika: wanne wamgeuze mtu pamoja kama gogo, kichwa na kiwiliwili kwa mstari mmoja, ubao usukumwe chini yake, afungwe kwa vikoi vyao. Ni kazi ya dakika chache. Nataka siku moja niwafundishe. Hilo ndilo ninalolitaka kutoka kwenye shahada hii, mengine ni karatasi.

Kidonda: acheni unga wa vidonge. Chemsheni maji yenye chumvi, yapoe, mkioshe kwa kitambaa kilichochemshwa. Kisiguse godoro hata kidogo. Kikifika kwenye mfupa, au kikitoa harufu, hospitali siku hiyo hiyo. Mwambie Tsuma hivyo, yeye atasikia.

Uliniuliza swali mwishoni. Nimeliona. Ukurasa umeniishia.

Shangazi yako


Kibokoni
21 Januari 1996

Shangazi,

Shikamoo. Heri ya mwaka mpya, ingawa umeanza kuchakaa. Mama anakusalimu. Nimeingia kidato cha tatu.

Ukurasa haukuwa umeisha. Palibaki nafasi ya kutosha neno "ndiyo" na neno "hapana", na hata ya kueleza.

Wiki iliyopita Dzoro, fundi anayepaka chokaa nyumba ya pale kwenye kona, alianguka kutoka jukwaani. Mjomba alikuwa akipita. Alimnyakua mgongoni, akakimbia naye vichochoro vyote hadi barabarani, watu wakimfungulia njia wakipiga kelele, "Ambulensi, Ambulensi." Dzoro alikuwa amevunjika mkono tu. Juzi alikuja kwetu na mkono wake kwenye tanzi la kitambaa, akamletea Mjomba kuku. Sasa mahamali wadogo wote wanataka kubeba kama yeye. Nilimtazama akila kuku yule, nikarudisha fungu langu sufuriani.

Jumapili baada ya kanisa nilibaki na Baba peke yangu. Nilikuwa nikimkuna kichwa, anapenda hivyo. Akasema bila kunitazama:

"Mama, uliona, sivyo?"

Nikaitikia kwa kichwa. Hakuweza kuniona, nikasema kwa mdomo, "Niliona."

"Nilijua. Nimeufikiria sana mguu ule. Ile ndiyo amri yangu ya mwisho ambayo mguu uliitii."

"Kwa nini hukusema, Baba?"

"Nimwambie nani? Tsuma? Mimi ndiye niliyemnyoshea mikono anibebe. Angeniacha pale sakafuni ningemtukana."

"Yeye hajui?"

"Akijua, kesho atanishika vipi? Mikono itamtetemeka. Nami sina mikono mingine, mama. Mama yako hawezi kunigeuza, wewe hufai kunigeuza. Usimwambie."

Nikasema sawa. Kisha akaniomba kanga nyingine, akasema ana baridi. Ilikuwa saa saba mchana, Shangazi, Januari, jasho lilikuwa linanitoka mimi. Paji lake lilikuwa moto. Mjomba alipofika tulimpeleka zahanati, wakampa sindano, wakasema ni malaria.

Kidonda kimeingia ndani. Mjomba amekiosha kama ulivyosema, kila siku, hajakosa.

Nyevu


Birmingham
11 Februari 1996

Nyevu,

Leo sina salamu, utanisamehe. Hatatembea. Nilijua tangu barua yako ya kwanza, kwa sababu ilikuwa imeshapita miezi na hakuna kilichorudi. Na hiyo si malaria, au si malaria peke yake. Ni mkojo au ni kidonda, na sumu imeingia kwenye damu. Watu walioumia kama yeye, kwetu, hii ndiyo inayowachukua, si mgongo. Sikukuambia kwa sababu nilitaka awepo mtu mmoja katika nyumba hiyo anayetumaini, nami nikakuchagua wewe bila kukuuliza.

Mpelekeni hospitali kubwa leo. Mwambie Tsuma leo. Ambebe.

Mbeyu


Kibokoni
10 Machi 1996

Shangazi mpendwa,

Pole sana kwa msiba wa kaka yako. Natumai simu ambayo Mama alikupigia kutoka posta ilisikika vizuri, alisema ulikuwa unanyamaza sana, hela ikaisha, simu ikakatika. Wote mnanyamaza, hata kwa simu.

Barua yako ya Februari tuliikuta tuliporudi kutoka kijijini Kaloleni baada ya matanga. Nimeisoma mwenyewe. Mama sijamwonyesha. Ilikuwa imechelewa, lakini usijiumize, kwa sababu Mjomba hakungoja barua. Alimpeleka hospitali kubwa siku ambayo Baba alianza kuweweseka, akawa analala chini ya kitanda chake wodini mpaka walipomfukuza, akarudi kwa mlango wa pili.

Siku ile asubuhi Baba aliamka vizuri. Alisema yuko karibu kuvuka. Mjomba akadhani ni mchezo wao, akamwuliza, "Likoni au Makupa?" Baba akacheka kidogo. Jioni alikuwa hayupo.

Watu walikuwa wengi kule Kaloleni. Mahamali wote walikuja kwa lori moja, wamevaa mashati meupe ambayo sikujua wanayo. Mutunga alisimama akasema maneno ya kumsifu marehemu, kisha akasema kwamba kama si Ambulensi, Ngowa angefia ghalani siku ile, tusingempata miezi yote hii. Watu wakaitikia. Mama akamshika Mjomba mkono mbele ya wote akamshukuru. Mimi nilikuwa nyuma yao. Nilitazama udongo.

Jioni tulipokuwa tukivuta maji kisimani kwa bibi, Mjomba alinifuata. Aliishika ndoo lakini hakuijaza. Akaniuliza, "Nyevu, wewe ulikuwepo. Niambie ukweli, usinionee haya. Ningekimbia zaidi, ingesaidia? Pale kwa muuza kahawa niliteleza, nikapoteza muda. Nimekuwa nikiwaza pale."

Nikamwambia, "Hapana, Mjomba. Hukuchelewa."

Ilikuwa kweli tupu, na sijawahi kusema jambo la uongo kama lile.

Hukuja kumzika kaka yako. Mama anasema ni nauli na ruhusa ya chuo. Nakuuliza kwa heshima: ni hivyo?

Nyevu


Birmingham
19 Mei 1996

Nyevu, mama wangu,

Nakusalimu, na namsalimu mama yako. Najua nimekaa kimya. Loise amerudi kwao, chumba chake amepewa msichana anayepiga gitaa.

Umeniuliza kwa heshima, nitakujibu hivyo hivyo. Nauli ningeazima. Ruhusa nisingenyimwa. Niliogopa kukaa matangani jamvi moja na Tsuma. Niliogopa angeniuliza mimi, mwenye kusoma mambo haya, lile alilokuuliza wewe. Nikakuachia ulibebe wewe mwenye miaka kumi na sita. Hilo sipati pa kuliweka.

Utafiti wangu umekubaliwa. Baba yako yumo. Amekuwa "mwanamume wa makamo, mchukuzi wa mizigo, alionekana kusogeza mguu mmoja kabla ya kuinuliwa." Niliandika kwa Kiingereza kwa mkono usiotetemeka, nikakumbuka ulivyoniambia kuhusu kuandika upesi mno.

Narudi nyumbani Agosti. Nimeandikiana na chama cha mahamali, wamekubali niwafundishe ghalani, Jumapili nne. Mutunga ndiye aliyenijibu. Anasema watamweka Tsuma mbele, awe mfano kwa wengine, awe ndiye wa kubeba wakati ninaonyesha. Anasema Tsuma amefurahi sana.

Somo la kwanza ni hili: kabla ya kumwinua aliyeanguka, mwulize kama anasikia miguu yake, mwangalie kama anaisogeza, usimkalishe, usimbebe mgongoni. Nitakapolisema, nitakuwa nimemwambia. Tsuma si mjinga. Ataligundua akiwa amesimama mbele ya wenzake wote, na mtu mgongoni.

Naweza kuliondoa. Naweza kuwafundisha kuzuia damu na kufunga mfupa wa mkono na mguu, na hilo pia litaokoa watu. Nimekaa na kalamu nikilifuta na kulirudisha. Kaka yangu alikuomba usiseme, nami nilikuamuru usiseme, kwa hiyo nakuuliza wewe, si kama mtoto. Una jina la mama yetu. Niambie nifanye nini.

Shangazi yako,
Mbeyu


Kibokoni
16 Juni 1996

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Mama ni mzima, amebadilishiwa afisi, hii ina lifti. Kitanda cha Baba tumekiuza kwa fundi, chumba kimekuwa kikubwa, hatujui tukiwekee nini. Mimi nasoma humo sasa. Mjomba bado analala ukumbini, ingawa hakuna wa kumgeuza. Mama hajamwambia aondoke naye hajauliza.

Usiliondoe somo.

Nakueleza kwa nini, usidhani nimekuwa shujaa. Mjomba ameanza kufanya mazoezi. Kila asubuhi kabla ya kazi anajaza mchanga kwenye gunia, analibeba mgongoni, anakimbia kutoka mlango wa ghala hadi Ndia Kuu. Ile ile njia ya Baba. Amewaomba wenye vibanda waondoe masanduku yao vichochoroni. Muuza kahawa amehamishwa kutoka pale pa kuteleza. Nyuma yake wanakimbia mahamali wadogo, kila mmoja na gunia lake, wanashindana, watu wanawapigia makofi madirishani. Jana alirudi amelowa jasho, akaniambia, "Sasa hata angekuwa mzito mara mbili ya Ngowa, nafika kabla hujamaliza kusali."

Wako wengi wanaokimbia hivyo, Shangazi. Mmoja wao, huyo mdogo kabisa, alinionyesha anavyoweza kumnyakua mtu bila msaada. Alimnyakua mwenzake makwapani, akamtupa mgongoni, shingo ya yule mwenzake ikarudi nyuma. Walikuwa wanacheka. Ndipo nilipojua kwamba nikikaa kimya kwa ajili ya Mjomba, atakuja mwingine mwenye kikoi chake na mwanawe mlangoni.

Lakini asilisikie kwako mbele ya watu, na mtu mgongoni. Hilo sitaki. Utakapokuja Agosti nataka awe analijua, awe amelia alivyotaka kulia, na kama atataka kukataa kuja ghalani akatae. Kama atakuja, aje akijua. Nitamwambia mimi.

Baba alinikataza. Nimelifikiria hilo mpaka nikaumwa na kichwa. Alinikataza kwa ajili ya mikono, ili isimtetemeke akimgeuza. Sasa hakuna wa kugeuzwa. Sijui kama hiyo ni sababu ya kweli au nimeitafuta. Huenda Baba atanikasirikia. Itabidi anikasirikie.

Nimejaribu kupanga maneno. Kwanza nitamwambia kwamba Baba ndiye aliyenyosha mikono. Kisha kwamba Baba alijua, na miezi yote ile ya Likoni na Makupa alikuwa anajua, na alicheka kwa kweli. Kisha ulivyoniandikia wewe, kwamba hakuna anayeweza kuapa. Mguu nitausema katikati. Kila nikifika kwenye mguu sauti inanipotea, hata nikiwa peke yangu. Sijawahi kumwambia mtu mzima jambo ambalo hakuniuliza.

Ninaogopa ataacha kunitazama. Ninaogopa ataondoka hapa ukumbini, na Mama ataniuliza nimemwambia nini kaka yake. Ninaogopa hata kwamba atasema "sawa" kwa upole ule wake, atoke, na asirudi kubeba kitu tena maishani, na hajui kazi nyingine.

Mlango wa chini umefunguliwa. Ni yeye, ndiye pekee anayepanda ngazi zetu kwa kisigino. Anapanda taratibu, nadhani bado ana gunia. Nilivuta daftari la jiografia niifunike barua hii, mkono ukafika juu yake, nikaurudisha. Ibaki hivi. Akiniuliza naandika nini nitaanzia hapo.

Yuko kwenye baraza la juu. Amelishusha gunia, nimesikia mchanga ukitulia. Ananiita, anauliza kama nipo.

Nimeitika, Shangazi. Nimeitika kwa sauti.